Maswali ya wasomaji: Dirisha, mlango na namba za kwenye stika

Barua za safari hii zimetoka kando ya Ziwa na juu huko Bonde la Ufa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: dirisha zuri ni lipi, na nani anasema ni zuri? Tumejibu kwa urefu pale penye hesabu, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi.

Ninajenga Riat, juu ya Kisumu. Sebule inatazama magharibi, upande wa ziwa. Kuna muuzaji ana madirisha ya plastiki ya vioo viwili viwili, yaliyotoka Marekani kwa kontena. Kila moja lina stika: U-Factor 0.30, SHGC 0.40, VT 0.51, Air Leakage 0.2. Anasema namba ikiwa ndogo ndiyo bora, na kwamba nyumba itapoa bila feni. Bei yake ni kama mara mbili ya alumini ya kawaida. Nichukue?
*Msomaji, Riat*

Stika hiyo ni ya kweli na ina maana, lakini muuzaji amekuonyesha namba isiyokuhusu sana. Imetolewa kwa utaratibu wa NFRC, baraza la Marekani lililoanzishwa 1989 ili viwanda vyote vipime madirisha kwa njia moja. Uzuri wake ni kwamba hupima dirisha zima, fremu na kioo pamoja. Tuzisome moja moja.

U ni joto linalopenya kwenye dirisha kwa sababu nje na ndani hazilingani kwa joto. Wamarekani wana vipimo vyao, kwa hiyo zidisha kwa 5.678 upate wati kwa mita mraba kwa kila nyuzi moja. 0.30 inakuwa 1.7. Kioo kimoja cha milimita 4 kwenye fremu ya chuma ni kama 5.8. SHGC ni sehemu ya joto la jua linalopiga dirisha ambayo mwishowe huingia chumbani: 0.40 maana yake asilimia 40 inaingia. VT ni mwanga unaopita, na hapa namba kubwa ndiyo nzuri, kwa hiyo muuzaji amekosea. Air Leakage ni hewa inayovuja dirisha likiwa limefungwa. 0.2 yao ni kama lita moja kwa sekunde kwa kila mita mraba, kiwango kizuri.

Sasa weka dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 kwenye ukuta wako wa magharibi. Eneo ni mita mraba 1.8. Tuseme jua la jioni linapiga ukuta huo kwa wati 600 kwa kila mita mraba, jambo la kawaida siku isiyo na mawingu. Dirisha la chuma lenye kioo cheupe kimoja lina SHGC ya kama 0.8, hivyo linaingiza wati 864. Hiyo ni karibu pasi ya umeme iliyowashwa ikaachwa sebuleni. Dirisha la stika yako litaingiza wati 432. Bado ni nusu pasi.

Linganisha na U. Nje nyuzi 31, ndani 27, tofauti ni nyuzi 4. Kioo kimoja kitapitisha wati 42 na dirisha lako wati 12. Kwa hiyo U ndogo, ambayo ndiyo sifa kubwa unayouziwa, inakuokolea wati 30. Namba ya pili, SHGC, inakuokolea zaidi ya 400. Kisumu hakuna theluji. Adui wako ni jua.

Hata huko kwao dirisha hili si la sehemu za joto. Mpango wa Energy Star, alama ya Marekani ya bidhaa zinazookoa nishati, katika viwango vilivyoanza Oktoba 2023, unataka SHGC isizidi 0.23 kwa majimbo ya kusini. Hilo lako lisingepata alama hiyo Florida. Kwa 0.23, dirisha lilelile lingeingiza wati 248. Basi ukitaka kulipa bei ya juu, ilipie namba hiyo ya pili.

Kabla ya kulipa, fikiria kivuli cha nje, maana jua lililozuiwa kabla ya kufika kwenye kioo halihitaji kioo cha bei. Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu upenu wa paa. Sisi tuko kwenye ikweta, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini huokolewa na upenu mfupi tu. Juni, jua la utosi likiwa limehamia kaskazini, upenu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha sentimita 138 ukutani. Muda wa saa tatu kabla au baada ya jua kufika utosini bado hutupa sentimita 98. Desemba ni vivyo hivyo kwa ukuta wa kusini. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Kisumu jua hufika utosini kama saa sita na dakika arobaini, si saa sita kamili, kwa sababu tuko mbali magharibi katika eneo letu la saa. Kufika kama saa kumi na dakika arobaini jioni limeshuka hadi nyuzi 30, na upenu uleule wa sentimita 60 unafunika sentimita 35 tu za juu ya dirisha. Saa moja baadaye ni sentimita 16. Jua limeshaingia hadi kwenye kochi.

Kwa hiyo magharibi weka kitu kinachosimama mbele ya dirisha: veranda yenye kina cha mita 2 au zaidi, mapapi ya mbao yaliyosimama wima, mti, au mkeka wa mafunjo unaoning'inia nje, sentimita 10 hadi 15 mbali na kioo ili hewa ya moto ipande na kuondoka. Mkeka hauvumilii misimu mingi ya mvua, lakini unabadilishwa kwa bei ndogo. Pazia zito la ndani halifanyi kazi hiyo. Jua likishapita kioo, joto jingi liko chumbani tayari, pazia linapunguza kidogo tu.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya kutoa pesa. Madirisha mengi ya Marekani yana ukingo mwembamba kuzunguka fremu, uliotengenezwa kupigiliwa misumari kwenye kuta za mbao. Kwenye ukuta wa tofali au bloku hauna pa kushika: utakatwa, na fremu ifungwe kwa vibati vya chuma na skrubu za plagi. Tena, mengi hufunguka nusu tu, kipande cha chini kikipanda juu ya cha juu. Kisumu unahitaji upepo kuliko unavyohitaji kioo, na nusu hiyo inaweza isikutoshe. Soma jibu linalofuata.

Ramani yetu imerudishwa na kaunti. Wameandika kwamba dirisha la chumba cha kulala ni dogo. Chumba ni mita 3.6 kwa 3.0 na dirisha ni mita 1.2 kwa 0.9, alumini ya slaidi. Fundi anasema hilo linatosha kabisa, tena dirisha dogo huhifadhi joto. Nani yuko sawa?
*Msomaji, Kiamunyi, Nakuru*

Kaunti. Kipimo ambacho wachora ramani na wakaguzi wa Kenya wamekizoea tangu kanuni za ujenzi za 1968 ni hiki: kioo cha kuleta mwanga kisipungue moja ya kumi ya sakafu ya chumba, na sehemu inayofunguka isipungue moja ya ishirini. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za kale, kwa hiyo mchoraji wako ataje hizo mpya kwenye ramani na kuandika hesabu yake waziwazi.

Sakafu yako ni mita mraba 10.8. Unahitaji kioo cha 1.08 na ufunguzi wa 0.54. Tundu la ukutani la 1.2 kwa 0.9 ni 1.08 kamili, na hapo ndipo fundi amejidanganya, kwa sababu amepima tundu. Fremu ya alumini na vipande vya katikati hula sentimita 4 hadi 5 kila upande. Kioo kinachobaki ni kama mita mraba 0.85 hadi 0.9. Slaidi nayo hufunguka nusu tu, kwa hiyo ufunguzi ni kama 0.43. Umefeli mara mbili.

Ongeza dirisha liwe mita 1.2 kwa 1.2. Kioo kitakuwa kama 1.1 kwa 1.1, yaani 1.2, na nusu yake ni 0.6. Umepita pande zote mbili. Au baki na upana huo na ubadilishe slaidi kuwa dirisha la bawaba ambalo hufunguka lote. Hilo litakupa upepo maradufu kwa tundu lilelile, ila kioo bado kitapungua, kwa hiyo urefu lazima uongezwe hata hivyo. Ukiweka wavu wa mbu, kumbuka kwamba matundu madogo hupunguza upepo unaopita. Kwa hiyo usijenge ukiwa umegusa tu kiwango cha chini.

Kuhusu joto: dirisha dogo hupunguza baridi ya usiku kidogo, lakini fremu mbaya na mlango mbovu hupitisha baridi nyingi zaidi. Hilo limeulizwa hapa chini.

Kwenye jedwali la madirisha na milango la ramani, mwambie mchoraji aandike kwa kila dirisha: ukubwa wa tundu, eneo la kioo, eneo linalofunguka, aina na unene wa kioo, na upande linaotazama. Ramani nyingi hurudi kwa sababu jedwali lina W1, W2, W3 na vipimo vya tundu tu, mkaguzi hana cha kuhesabia.

Na kwa wanaouliza kama kaunti itadai stika ya U: Kenya haina stika ya nyota ya madirisha ya nyumba kama ile unayoiona kwenye friji dukani. Afrika Kusini imeweka matumizi ya nishati ndani ya kanuni zake za ujenzi, SANS 10400-XA, tangu 2011, na madirisha yamo. Sisi tunakaguliwa kwanza kwa mwanga na hewa. Ndiyo maana dirisha lenye stika nzuri ya ng'ambo linaweza kurudishwa hapa: halifunguki vya kutosha.

Lanet usiku ni baridi kweli. Tumeziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha kwa magazeti na kuingiza jiko la makaa kabla ya kulala. Bado tunahisi upepo. Unatoka wapi?
*Mama wa watoto watatu, Lanet*

Mama, kwanza toa magazeti hayo leo, na jiko lisilale ndani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na hata makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, yasiyotoa moshi, huitoa. Chumba kilichozibwa huijaza haraka, na mtu aliyelala haamki. Matundu yale ya kudumu yaliwekwa ili hewa ya chumba ibadilike.

Upepo unaouhisi unatoka mlangoni. Pima uwazi ulio chini ya mlango. Mlango wa sentimita 90 wenye uwazi wa milimita 15 una tundu la sentimita mraba 135. Ni kama mtu ametoboa ukuta tundu la sentimita 11 na nusu kila upande. Huo ndio unaokupiga miguuni.

Hesabu kidogo, kwa wanaotaka kujua. Chumba cha 3.6 kwa 3.0 na dari ya mita 2.7 kina mita 29 za ujazo za hewa. Hewa yote ikibadilika mara moja kwa saa, nje kukiwa baridi kwa nyuzi 8 kuliko ndani, unapoteza kama wati 77. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kama wati 70, kwa hiyo hapo mko sawa. Ikibadilika mara tatu kwa saa unapoteza 230. Dirisha zima la 1.2 kwa 1.2 la kioo kimoja hupoteza 67 tu. Ndiyo maana kuziba nyufa huleta nafuu kuliko kubadilisha vioo.

Fanya hivi, jioni yenye upepo. Washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole kando ya fremu zote. Moshi ukiyumba, weka alama ya chaki. Kisha:

Chini ya mlango, weka kizingiti cha mbao ngumu au cha alumini, au ubandike brashi ya mlango upande wa ndani. Acha milimita 3 ili mlango usikwaruze.

Kati ya fremu na ukuta, ambapo plasta imepasuka, safisha vumbi kwa brashi kavu kisha ujaze silikoni. Ufa mpana kuliko milimita 6 ujazwe kwanza kamba ya sponji, silikoni ije juu yake. Ukijaza silikoni peke yake kwenye ufa mpana itachanika ikikauka. Usitumie saruji tupu. Chuma hupanuka juani na saruji itapasuka palepale.

Kati ya dirisha la chuma na fremu yake, jaribu kwa karatasi ya daftari: fungia karatasi hapo, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo panavuja. Bandika raba ya gundi ya milimita 3 hadi 5. Kabla ya kubandika, futa rangi iliyobanduka na grisi kwa kitambaa chenye spiriti, la sivyo raba itaanguka kabla ya mwezi kwisha. Kama dirisha limepinda kwa sababu fundi alilichomelea upande mmoja kwa haraka, raba haitasaidia. Komeo lazima lisogezwe ili livute pembe iliyo wazi.

Kama una luva za vioo, ukweli ni kwamba hazizibiki. Ni dirisha zuri la Kisumu na baya la Lanet.

Matundu ya juu yaache wazi. Kama upepo unapiga kitanda moja kwa moja, weka kibao mbele yake, sentimita 5 kutoka ukutani, kikielekeza hewa juu kwenye dari. Hewa itaingia, lakini haitakushukia usoni.

Mvua ya Kakamega ikija na upepo, maji yanaingia chini ya madirisha yangu ya slaidi na kutiririka ukutani. Fundi ameshapaka silikoni mara tatu.
*Msomaji, Lurambi*

Huenda silikoni hiyo ndiyo inayokuletea maji. Dirisha la slaidi halijaribu kuzuia maji yasiingie kwenye reli. Limetengenezwa yaingie, kisha yatoke nje kupitia vitobo vilivyo upande wa nje wa reli. Fundi akiona vitobo na kudhani ni kasoro, huvijaza. Wengine huvizika kwa plasta wakati wa kumalizia ukuta.

Kingo ya ndani ya reli ndiyo inayozuia maji, na urefu wake ndio nguvu yake. Upepo unaosukuma kwa pascal 300 (pascal ni kipimo cha msukumo) huinua maji milimita 30. Reli yenye kingo ya milimita 25 basi inashindwa kwenye pascal 250 hivi, na dhoruba kali hufika hapo. Viwango vya Ulaya vya EN 12208 hupanga madirisha kwa msukumo yanaovumilia kabla ya kuvuja. Ukinunua jipya, ulizia darasa hilo badala ya kuuliza kama dirisha ni zito.

Ondoa mabawa ya dirisha, yanainuliwa juu na kutolewa. Osha reli, toa mchanga. Tafuta vitobo kwa waya mwembamba kutoka ndani kwenda nje. Kama havipo, toboa viwili au vitatu vya upana wa milimita 5 na urefu wa 25, kimoja karibu na kila pembe, kwenye uso wa nje pekee. Usitoboe sakafu ya reli, maji yatashuka ndani ya ukuta. Mwaga kikombe cha maji kwenye reli: lazima yatoke nje bila kusubiri. Kisha angalia kizingiti cha nje cha zege. Kinapaswa kuinamia nje na kuwa na mfereji mdogo chini ya ukingo wake ili tone lidondoke. Kama kinainamia ndani, hakuna silikoni duniani itakayokusaidia, mwashi akirekebishe. Mwisho, pembe mbili za chini za fremu, mahali alumini ilipokatwa na kuunganishwa, ndizo zinazohitaji silikoni, na ipakwe zikiwa kavu kabisa.

Duka langu Kondele lina vioo vyeusi vya milimita 6. Mchana nawasha taa na bado kuna joto. Nimeibiwa?

Hukuibiwa, ulinunua kivuli cha macho. Kioo cha kijivu cha milimita 6, ndicho hicho unachokiita cheusi, hupitisha mwanga wa kama 0.45, lakini SHGC yake bado ni kama 0.6. Kinazuia mwanga kuliko kinavyozuia joto, tena chenyewe hupata joto kali na kupeleka sehemu ya joto hilo ndani. U yake haibadiliki hata kidogo. Cha kijani ni bora: mwanga wa kama 0.75 kwa SHGC ileile ya karibu 0.6. Kipimo rahisi dukani ni kugawanya VT kwa SHGC. Kijivu chako kinatoa 0.75, kijani 1.25. Chini ya moja unalipia giza. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta kioo chenye kipako cha kurudisha joto, au tandiko la turubai mbele ya duka, ambalo ni rahisi zaidi na linawapa wateja mahali pa kusimama.

Asubuhi vioo vyote vina maji kwa ndani. Je, paa linavuja?
*Molo*

La. Hewa ya chumba cha nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji ikigusa kitu cha chini ya nyuzi 12 na nusu. Nje kukiwa na nyuzi 8, uso wa ndani wa kioo kimoja uko karibu nyuzi 11. Kioo cha tabaka mbili kingekuwa kama 14 na nusu na kubaki kikavu. Hapo, kwenu juu, U ina maana yake. Kabla ya kufika huko, anikeni nguo nje, pikeni huku dirisha la jikoni likiwa wazi, na msizibe matundu ya juu.

Muuzaji wa Eldoret amenipa cheti kinachosema U ni 1.1 kwa dirisha la alumini la vioo viwili. Nitajuaje kama ni kweli?
*Mwanakandarasi*

Yawezekana ni kweli na bado isiwe dirisha lako. Tazama kiwango kilichoandikwa. Kama ni EN 673, kiwango cha Ulaya, hiyo ni U ya katikati ya kioo pekee. Ya dirisha zima hupigwa hesabu kwa kiwango cha kimataifa, ISO 10077. Alumini isiyokatwa katikati kwa plastiki ya kuzuia joto ina U ya kama 6. Kwenye dirisha la 1.2 kwa 1.2, fremu ikiwa asilimia 20 ya eneo: kioo kinachangia 0.88, fremu 1.2, na kingo za kioo kidogo juu yake. Umefika 2.2. Cheti kinasema 1.1, nyumba itapata maradufu.

Angalia pia: jina la maabara na tarehe, je, bidhaa iliyopimwa ina unene na mpangilio wa vioo sawa na uliouziwa, na je, kipande cha alumini kinachotenganisha vioo viwili kina chapa ya kiwanda na tarehe, inayosomeka kwa kuchungulia pembeni. Kioo kisicho na chapa hakina cheti, hata kama karatasi ipo.

Halafu kuna jambo la mlima. Vioo viwili vikizibwa kiwandani pwani, hewa iliyo kati yao ina msukumo wa pwani. Eldoret iko karibu mita 2,100, na hewa ya nje ina msukumo uliopungua kwa zaidi ya asilimia 20. Nakuru ni kama asilimia 20, Kisumu 13. Vioo huvimba kama shavu, na gundi ya kingo huanza kuachia, hasa kwenye vioo vidogo na vinene ambavyo havipindi kwa urahisi. Mwaka mmoja au miwili baadaye unaona ukungu katikati ambao huwezi kuufuta. Agiza vioo vilivyozibwa kwenye mwinuko unaokaribiana na wako, au vyenye mrija mwembamba wa kusawazisha hewa. Dalili ukipokea mzigo: weka rula ndefu juu ya kioo, ikicheza juu ya tumbo la katikati, rudisha.

Kuna kanuni juu ya grili na vioo vya mlango?
*Mwenye nyumba za kupangisha, Nakuru*

Grili iliyochomelewa moja kwa moja ukutani kwenye kila dirisha la chumba cha kulala ni mtego wakati wa moto. Angalau moja kwa kila chumba liwe na grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake uning'inie palepale, mahali mtoto anapofika na mwizi wa nje hafiki. Kwa ukubwa, Wamarekani hutumia kipimo ambacho hata hapa kina maana: uwazi halisi usiopungua mita mraba 0.53, upana sentimita 51 na urefu sentimita 61, na kizingiti kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Kumbuka 0.53 haitoki kwa 51 kuzidisha 61. Kimoja lazima kizidi.

Kioo cha mlango, na kile kilicho kando ya mlango hadi sentimita 30, kiwe cha usalama. Kioo kilichokazwa kwa moto huvunjika vipande vidogo visivyokata sana, na kina muhuri pembeni, mara nyingi wa kiwango cha Ulaya, EN 12150. Hakikatwi wala kutobolewa baada ya kukazwa, kwa hiyo tundu la kitasa na bawaba lipimwe kabla ya kuagiza. Cha lamineti, kwa mfano kile cha 6.38 chenye vioo viwili vya milimita 3 na utando wa 0.38 kati yao, hukatwa na fundi yeyote mzuri, na kikipasuka hubaki kimeshikana mahali pake.